Uzi: Kuchora ukungu wa milimani kwa rangi za maji (karatasi, maji na muda)

UkunguMagamba
Wakuu, habari za saa hizi. Maswali ya kuchora ukungu yamekuwa yakichomekwa kwenye nyuzi za watu wengine na kupotea humo, kwa hiyo tuyakusanye hapa. Mfano nitakaoutumia ni mandhari ambayo wengi wanaijua: milima ya Usambara upande wa Lushoto asubuhi, safu nyuma ya safu, bonde limejaa ukungu, na mbele kuna migomba na mikaratusi miwili mitatu. Ukiiweza hiyo, Uluguru au mashamba ya chai ya Limuru ni kazi ileile.

Kabla ya kushika brashi, jambo moja lieleweke: ukungu haupakwi. Ukungu ni pale ambapo rangi imefifia mpaka ikaisha bila kuacha mstari, karatasi ikabaki inaonekana. Kazi yote ni ya maji: kiasi kilichoko kwenye karatasi, kiasi kilichoko kwenye brashi, na dakika zilizopita. Anayekwenda dukani kutafuta "rangi ya ukungu" atarudi na tyubu ya kijivu, na bonde lake litatoka kama ukuta wa zege.

Vifaa. Karatasi ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, uso wa wastani (si ile laini ya kuteleza, wala ile yenye mabonde makubwa). Robo ya shiti, sm 28 kwa 38, inatosha kujifunzia. Brashi bapa pana ya kulowesha, brashi ya duara namba 10 au 12 yenye ncha isiyopasuka, na moja nyembamba ndefu ya matawi. Makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na moja lisiloguswa na brashi chafu hata kidogo. Sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia. Tishu na kitambaa kikuukuu cha pamba.

Rangi nne tu: altramarini (bluu, PB29), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu, PBr7), waridi ya kwinakridoni (PV19) na oka ya njano (PY43). Hizo herufi na namba zimeandikwa kwenye tyubu. Fuateni hizo, maana jina la mbele kila kampuni hujipa lake.

Manila_A3
Asante mkuu kwa uzi. Swali la haraka: karatasi ya manila haifai kabisa? Na vidonge vya rangi vya shule?

Mzee wa Plaiwudi
Manila inafaa kwa penseli na kalamu. Kwa kazi hii haifai, na sababu si bei. Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi maalumu inayozuia maji yasizame mara moja, hivyo rangi inakaa juu na kuogelea kwa dakika kadhaa. Manila haina hiyo. Ukiilowesha mara mbili inaanza kutoa vijinyuzi kama sweta kuukuu, na rangi inazama papo hapo pale ilipoguswa. Hakuna kufifia hapo, kuna doa.

Kama pamba haipatikani au ni ghali, nunua shiti moja kubwa la sm 56 kwa 76 badala ya daftari, likate vipande vinane vya sm 19 kwa 28. Karatasi ndogo ya pamba inakufundisha zaidi kuliko daftari zima la karatasi ya mbao. Na geuza, chora pande zote mbili.

Vidonge vya shule vina shida mbili: unga wa rangi ni mchache, kujazia ni kwingi, kwa hiyo safu nyeusi ya mbele haipatikani hata uchovye mara ngapi, na baadhi hupauka vikining'inizwa penye mwanga. Kwa zoezi la kujua maji, vitumie tu.

UkunguMagamba
Shikamoo Mzee, umenimalizia. Naendelea na hatua.

ANGA. Bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi pande zote nne, ubonyeze ukingo wa ndani wa tepu kwa mgongo wa kijiko ili maji yasipenye chini. Chora kwa penseli ya HB mistari ya safu tu, mitatu au minne, mkono mwepesi. Ufutio ukisugua sana unaharibu ile gundi aliyoisema Mzee, na utaona doa hapo baadaye.

Lowesha karatasi yote, subiri dakika moja, lowesha tena. Mara ya kwanza karatasi inakunywa. Mara ya pili ndiyo unapata maji ya kufanyia kazi. Inua upande wa juu wa ubao kama sm 3, kitabu kinatosha. Sasa chungulia kwa ubavu, macho usawa wa karatasi, ukielekea dirishani. Pakiwa na dimbwi, lifyonze kwa kona ya tishu. Mng'ao ukiwa sawa kote, weka oka nyepesi sana yenye tone la waridi pale ambapo jua liko nyuma ya ukungu, kisha teremsha altramarini iliyotiwa siena kidogo kutoka juu. Usizisukume zikutane kwa brashi. Ziache zitafutane zenyewe, wewe toa mkono.

Halafu ikauke. Kukauka maana yake ukigusa kwa mgongo wa vidole husikii ubaridi. Karatasi inayoonekana kavu lakini ni baridi bado ina maji ndani, na ndiyo inayowaharibia wengi kazi.

SAFU YA MBALI. Changanya altramarini, siena kidogo na waridi kidogo zaidi ya siena, mpaka upate zambarau ya kijivu. Wepesi wake uwe kama chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili. Kabla ya kupaka, chukua brashi bapa yenye maji safi, lowesha mkanda wa sm 5 hivi CHINI ya mstari wa safu, ukiacha nafasi kavu ya sm 1 na nusu kati ya mstari na mkanda. Kisha paka ukingo wa mlima kwenye ile sehemu kavu kwa brashi ya duara, shuka nayo mpaka iguse ukingo wa maji. Ikigusa tu, simama. Rangi itaingia majini yenyewe na kupotea.

Hapa ndipo ule mwinamo unapobadilika. Ubao ukiendelea kukuelekea wewe, rangi yote itateremka na kujikusanya chini, na utapata mlima uliopauka juu na mweusi chini, kinyume kabisa cha unachotaka. Kwa hiyo ukishamaliza kugusisha, geuza ubao juu chini, uinue kidogo upande ulio na mkanda wa maji. Unga wa rangi unarudi kuelekea kileleni, msingi unabaki mweupe. Laza ubao bapa mng'ao unapoanza kufifia.

Ikauke kabisa. Safu ya pili ni vilevile, rangi nzito kidogo, na kilele chake kikae ndani ya sehemu nyeupe ya safu ya kwanza. Ukungu unaonekana kwa sababu nyuma yake kuna cheupe na mbele yake kuna ukingo mweusi. Ukikosa kimoja, hakuna ukungu.

DadaKijani
Uzito wa rangi kati ya safu na safu unaupimaje? Zangu nne zikikauka zote zinafanana.

KopoMbili
Kwa sababu rangi za maji hupauka zikikauka, na ile ya pili uliichanganya ikiwa sawa na ya kwanza ILIVYOKUWA MBICHI. Tengeneza mchanganyiko mmoja mama kwenye sahani: rangi ya ukubwa wa njegere kwa vijiko viwili vya chai vya maji. Toka hapo:

Safu ya mbali: brashi moja ya mama, brashi tatu za maji safi. Inatiririka kama chai.
Ya pili: nusu kwa nusu.
Ya tatu: mama yenyewe.
Ya mbele: mama, ongeza rangi toka kwenye tyubu mpaka iwe kama uji mwepesi, sahani ikiinamishwa inateremka polepole.
Miti: uji mzito. Ukiinamisha sahani inajivuta tu.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile, visanduku vitano vikae bega kwa bega, vikauke, kisha finya macho. Viwili vikiungana ukiwa umefinya macho, ongeza tofauti. Na rangi yenyewe ibadilike, si uzito peke yake: ya mbali iegemee bluu na waridi, kila ukija mbele ongeza siena, kwenye majani weka oka. Safu ya mwisho ikibaki bluu tupu, mchoro mzima unaonekana uko mbali.

Onyo kuhusu tope: altramarini na siena zinatoa kijivu kizuri kwa sababu ni mbili. Ukitia waridi, oka na kijani cha dukani humohumo, unapata rangi ya maji ya kudekia.

Manila_A3
Nimeelewa. Sasa yale madoa yenye kingo kama koliflawa, katikati ya ukungu? Kila nikirekebisha yanaongezeka.

KopoMbili
Yanaongezeka kwa sababu unarekebisha. Koliflawa hutokea karatasi ikiwa nusu mbichi halafu ukaleta maji mengi kuliko yaliyopo. Yale maji mapya yanasambaa, yanasukuma unga wa rangi mbele yake, na yanapoishiwa nguvu yanauacha kwenye ukingo uliochanikachanika. Kanuni ni moja: brashi iwe kavu kuliko karatasi, rangi iwe nzito kuliko iliyopo chini.

Soma mng'ao. Karatasi inang'aa kama kioo: rangi itakimbia mbali, umbo halishikiki, hapa ni anga tu. Inang'aa kama hariri: rangi inasogea kidogo na kuacha ukingo laini, hapa ndipo miti iliyo ndani ya ukungu huwekwa, kwa uji mzito na brashi iliyokamuliwa. Mng'ao umekufa lakini karatasi ni baridi: USIGUSE. Koliflawa zote huzaliwa hapa. Kavu: ukingo mkali.

Kutoka kioo hadi mng'ao kufa ni dakika chache tu, na zinategemea hewa, karatasi na wingi wa maji. Usihesabu dakika za video ya mtu, chungulia kwa ubavu.

Koliflawa ikishatokea, iache ikauke kabisa. Kisha lainisha ukingo wake kwa brashi nyevu, au ifunike kwa safu inayofuata.

UnyevuPwani
Hapo kwenye hewa niongezee. Wa Dar, Tanga, Mombasa: unyevu wa pwani unaongeza sana muda wa karatasi kubaki mbichi, hasa misimu ya mvua. Hiyo ni faida kwa kufifisha msingi wa mlima, na ni mtihani kwa subira, maana ile hatua ya "usiguse" nayo inarefuka. Feni isielekezwe kwenye karatasi. Inakausha upande mmoja kabla ya mwingine, na palipokauka mwanzo huvuta maji ya jirani na kuacha mstari. Ielekeze ukutani.

Wa Dodoma na sehemu kavu shida ni kinyume, karatasi inakauka mkononi. Lowesha upande wa nyuma vizuri, ulaze juu ya kioo au kipande cha plastiki ngumu, kisha lowesha wa mbele. Maji ya nyuma yanalisha ya mbele. Tepu haitakaa hapo, wala haihitajiki, karatasi inajishika.

La pwani tena: karatasi ikihifadhiwa kwenye kabati lenye unyevu, ile gundi inaoza. Utajua ukipaka: vinatokea vidoti vyeusi vidogo vilivyotawanyika, rangi imezama hapo na kukataa kutoka. Dawa hakuna. Kabla haijafika huko, weka karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Na maji ya kisima yenye chumvi yasitumike. Tumia ya kunywa.

DadaKijani
Mashine ya kukaushia nywele vipi?

UnyevuPwani
Inafaa mng'ao ukishakufa, si kabla. Ukipuliza kwenye maji yanayong'aa unasukuma rangi, inaacha michirizi. Sm 30 au zaidi, joto dogo, mkono ukitembea. Kisha subiri karatasi ipoe ndipo upime kwa vidole, maana karatasi yenye joto haikuambii ukweli.

Manila_A3
Kwani si rahisi kuweka nyeupe iliyozimuliwa juu ya mlima ukiwa umekauka? Nimeona wengi wanafanya.

UkunguMagamba
Hapana kwangu. Inaonekana chaki.

KopoMbili
Mimi sikatai moja kwa moja, ila ujue inafanya nini. Nyeupe nyembamba juu ya rangi nyeusi haionekani nyeupe, inaonekana bluu ya baridi. Ukungu wenye jua nyuma yake ni wa joto, una manjano au waridi ndani, kwa hiyo nyeupe inaua lile oka ulilolianzia kwenye anga. Lakini moshi wa jikoni unaopita mbele ya mlima mweusi una bluu hiyohiyo. Kwa moshi huo, nyeupe ya titani (PW6) yenye maji mengi, brashi karibu kavu, mara moja, hakuna kurudia. Kwa bonde zima la ukungu, hapana.

Kama ulisahau kuacha ukungu, nyanyua rangi badala ya kuifunika. Karatasi ikiwa kavu, chukua brashi bapa yenye nywele ngumu kiasi, ichovye maji safi, ikamue, pitisha mara tatu nne pale unapotaka, kisha KANDAMIZA tishu. Usisugue. Rudia mpaka ufikie weupe unaotaka. Miale ya jua inayopenya mitini hupatikana hivyohivyo, ila acha nafasi nyembamba kati ya vipande viwili vya plastiki ili ukingo unyooke.

Inategemea rangi. Altramarini hunyanyuka vizuri, siena pia. Waridi PV19 hung'ang'ania kiasi, kwa hiyo safu unayojua utainyanyua, ipunguze humo. Bluu ya thalo (PB15) ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Ndiyo maana haimo kwenye orodha ya mwanzo, ingawa duka la vifaa vya shule litakupa hiyo kwanza.

DadaKijani
Na chenga zile za altramarini? Kwangu anga inatoka na punje punje.

KopoMbili
Ni tabia yake. Unga wake hujikusanya na kuzama kwenye vibonde vya karatasi. Kwenye misitu na miamba ni uzuri mtupu. Kwenye anga, kama huipendi, laza ubao bapa mapema na usiichezee chezee ikiwa inatulia, au tumia karatasi yenye uso laini zaidi kidogo.

Mzee wa Plaiwudi
Marahaba, UkunguMagamba. Kuhusu karatasi kujikunja: gramu 300 ikiloweshwa mara mbili itainuka mawimbi, maji yanakaa kwenye vibonde na kila kibonde kinaleta koliflawa yake. Ivute kabla.

Iloweke kwenye beseni dakika 5, ishike kona moja maji yachuruzike, ilaze kwenye plaiwudi ya mm 12 au zaidi (nyembamba itapinda yenyewe). Tumia tepu ya karatasi ya kahawia yenye gundi ya kuloweshwa, upana wa sm 5, nusu juu ya karatasi na nusu juu ya ubao. Si ile ya plastiki ya maboksi, hiyo haishiki penye maji. Ubao ulale bapa usiku kucha. Ukiusimamisha, maji yote yanashuka kwenye tepu ya chini, nayo inaachia. Usikaushe kwa joto, karatasi itavuta kwa ghafla na kujichana.

Asipopatikana mwenye tepu hiyo, pini za mashine ya kubania, moja kila sm 4 au 5, sm 1 toka ukingoni.

Manila_A3
Miti ya ndani ya ukungu ndiyo inanishinda. Inatoka ama kama imebandikwa, ama kama bunda la moshi.

UkunguMagamba
Mti mmoja una kingo mbili: kilele kikali, mguu umepotea. Kwa mkaratusi wa safu ya tatu, lowesha doa la maji pale mguu utakapokuwa, kama sm 3 kwa 3. Subiri hariri. Anza kilele kwenye sehemu kavu kwa brashi nyembamba, uji mzito, shuka na shina, ukifika kwenye unyevu inua brashi. Usikanyage mpaka katikati ya maji. Mti wa pili usianze wala kuishia usawa wa wa kwanza, la sivyo una uzio.

Msitu wa mbali usichore mti mmoja mmoja. Mi Fu (1051–1107), mchoraji Mchina wa enzi ya Song, na mwanawe Mi Youren walikuwa wakilaza tumbo la brashi na kuweka madoa mafupi ya mlalo, moja juu ya lingine, mengine yakiwa bado mabichi, na mawingu wakayaacha kuwa karatasi. Hao walitumia wino, lakini mkono ni uleule: madoa yabanane kileleni, yaachane kadiri unavyoshuka, kisha brashi nyevu moja chini yake.

Migomba ya mbele iwe michache, miwili inatosha, na hiyo tu ndiyo iwe na kingo kali kila mahali. Majani yake yamechanika. Chana kwa kuacha karatasi katikati ya miguso, si kwa kuchora mistari juu yake.

DadaKijani
Nimejaribu hatua zote. Ukungu wangu uko sawa lakini unaonekana kama ngazi, mkanda mweupe, mkanda mweusi, mkanda mweupe.

UkunguMagamba
Mikanda yako ya maji ina upana sawa na imepita toka ukingo hadi ukingo. Ibadilishe: mmoja sm 2, mwingine sm 7, mwingine uishie nusu ya karatasi ili upande wa pili mlima ushuke mpaka chini bila kufifia. Ukungu hujaa kwenye mabonde na kupungua kwenye mabega ya mlima, kwa hiyo mkanda ufuate umbo la ardhi. Sehemu moja acha safu mbili ziungane kabisa, isijulikane ya mbele inaanzia wapi.

Manila_A3
La mwisho wakuu: tepu inachana karatasi nikiibandua.

Mzee wa Plaiwudi
Unaibandua karatasi ikiwa baridi. Ikauke kwanza. Kisha vuta polepole kuelekea nje ya mchoro, tepu ikiwa imejikunja karibu kulala juu ya ubao, si kuelekea juu. Ikigoma, ipashe kidogo kwa mashine ya nywele gundi ilegee, na uendelee. Ile ya kahawia ya kulowesha haibanduliwi. Kata karatasi kwa kisu kikali na rula pembezoni mwa tepu, upande mfupi mmoja, kisha ule wa mkabala wake, ndipo mirefu. Masalia yaliyobaki kwenye ubao yatatoka kwa maji ya moto.